Uvimbe Niliounyamazia

Kwanza itabidi nieleze jinsi wanawake wa kwetu wanavyoamkia, maana kosa la kwanza lilianzia hapo. Huku Ufipa mwanamke hamwamkii mkubwa wake akiwa amesimama. Unapiga magoti, yote mawili, hata kama ni njiani na kuna tope. Unainamisha kichwa na kupiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili visilie kwa ukali, na hunyanyuki mpaka umejibiwa. Mimi nilijifunza hivyo kabla sijajua kufunga kanga. Msichana akiamkia vibaya, watu hawamsemi yeye, wanamsema mama yake.

Mwezi wa sita mwaka jana nilirudi nyumbani likizo. Nasoma sekondari, shule ya bweni ya mbali. Kuja kwetu ni gari moshi mpaka Mpanda, halafu lori la mizigo mpaka Chala, halafu miguu. Nilifika vumbi tupu, na upepo wa baridi wa mwezi ule unakata masikio. Jioni ile ile baba mkubwa alikuja kunitazama. Dada yangu, ambaye alinizidi miaka mitatu, alitoka jikoni kumwamkia. Alipiga goti moja. Mguu wa kulia aliunyoosha pembeni, kama mtu anayetaka kukaa kitako.

Baba mkubwa aliitikia, lakini macho yake yalikwenda kwa mama.

Alipoondoka mama akasema, "Umeshakuwa mke wa mtu kabla hujaolewa?"

"Nimechoka, mama."

"Magoti ndiyo yamechoka?"

"Goti moja," dada akajibu.

Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikacheka. Nataka niliandike hilo wazi, kwamba nilicheka.

Nina daftari ninaloandika mambo yangu tangu darasa la saba. Mbele za watu mimi si msemaji. Mwalimu wetu wa Kiingereza husema sauti yangu inaishia kwenye meno. Lakini kwenye daftari mimi ni hodari, namsema kila mtu. Siku ile niliandika: "Dada ana kiburi siku hizi. Amepata mchumba mwenye baiskeli, basi kupiga magoti hataki." Niliandika kwa wino, na nakumbuka nilijiona mjanja kwa sentensi ile.

Siku ya nne au ya tano tulikwenda mtoni kufua, mimi na yeye. Tulipokwisha kuanika nguo kwenye majani akaniambia, "Njoo uone kitu. Lakini usianze kelele zako."

"Mimi nina kelele?"

"Ndiyo maana nakuonyesha wewe."

Akapandisha kanga. Juu kidogo ya goti la kulia, upande wa ndani, palikuwa pameinuka kama nusu yai la kuku chini ya ngozi. Nikaweka vidole. Nilidhani patakuwa laini kama jipu linaloiva. Palikuwa pagumu, kama unavyogusa kifundo cha mguu wako mwenyewe, na pana joto kidogo. Nikajaribu kukisukuma huku na huku. Hakikusogea hata kidogo.

"Ulijigonga?"

"Mpini wa jembe, nilipokuwa nalima intumba." Intumba ni vile vilima vya duara tunavyolima sisi, unakusanya nyasi katikati na kuzifukia kwa udongo zioze. Kazi hiyo hufanyika masika yanapokaribia kwisha.

"Basi ni tangu mwezi wa tatu. Mbona hakijatulia?"

"Kitatulia."

"Kinauma?"

"Nikipiga magoti. Na usiku, nikishalala."

Hilo la usiku nilikuwa nalijua bila kujua. Tulilala kitanda kimoja cha kamba na blanketi moja, na tangu nimefika nilikuwa namsikia anaguna. Nilifikiri anamwota yule mwenye baiskeli.

"Tumwambie mama," nikasema.

"Thubutu."

Sasa kueleza kwa nini alisema "thubutu" lazima nimtaje shangazi. Shangazi, dada yake baba, ni mjane, anakaa nasi. Kwenye bega la kulia, kuelekea shingoni, ana uvimbe wa siku nyingi. Mimi nimezaliwa nimeukuta. Mwaka ule ulikuwa umefikia ukubwa wa kibuyu kidogo cha kunywea pombe. Waganga walikwishauchanja, wakaupaka majivu, mmoja akaufunga ngozi ya mnyama mwezi mzima. Haukuongezeka wala kupungua kwa hayo. Shangazi aliuita mume wake wa pili. Alisema, "Huyu hanipigi, haniombi chakula, na tukienda shambani nakuwa naye."

Lakini watu wengine hawakucheka. Mshenga wa upande wa mchumba, mama mmoja wa makamo mwenye macho makali, alikuja nyumbani kabla sijarudi akauliza mbele ya baba: je, kitu kile ni cha shangazi peke yake, au ni cha damu? Mabinti wa nyumba hii nao huwa wanaota vitu?

"Unaona," dada akaniambia pale mtoni. "Wanatafuta sababu. Wakijua na mimi ninacho, nimekwisha. Hakuna atakayekuja tena, si wao tu. Niapie."

"Niape kwa nini? Sitasema."

"Niapie."

Nikaapa, kwa jina la Bikira Maria. Baadaye sana, nilipomweleza padri katika kitubio, aliniambia kiapo cha kuficha ugonjwa wa mtu hakimfungi yeyote. Nilimwelewa. Ila padri alikuwa anajibu swali la mwezi wa sita, na mimi nilimwuliza mwaka uliofuata.

Ilikubaliwa kwamba shangazi apelekwe kwa daktari Sumbawanga, na mshenga awepo asikie mwenyewe. Shangazi hakutaka. Alisema amekaa na mumewe kwa amani, kwa nini aende kumshitaki. Baba akasema ni kwa ajili ya harusi ya mtoto, basi akakubali. Mimi nilipangwa kuwa mkalimani, kwa sababu shangazi na mshenga hawajui ila Kifipa na Kiswahili cha sokoni, na daktari tulisikia ni Mzungu mgeni. Dada aliambiwa atufuate abebe chakula. Mama alibaki na wadogo.

Tulipanda lori la mwenye duka mmoja wa Sumbawanga, mzee Mwislamu aliyekuwa akinunua nafaka huku juu. Alipomwona shangazi akamwambia, "Mama, huyo wa begani tumpakie nyuma na magunia, au atakaa mbele na wewe?"

"Atakaa mbele," shangazi akasema. "Ana adabu kuliko utingo wako."

Wote tukacheka, hata mshenga. Dada alipanda nyuma. Nilimwona anavyojivuta kwa mikono, mguu wa kulia ukimfuata nyuma kama si wake. Nikageuza uso nikatazama barabara.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa mtu wa pwani, mpole, lakini Kifipa hakujua hata neno. Daktari alikuwa mrefu, mwenye miwani mizito, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: kaa, vua, pumua, basi. Alipogundua kwamba nasema Kiingereza alivuta kiti akaniweka karibu naye kabisa. Nikashika pindo la sketi yangu.

Aliushika ule uvimbe wa shangazi kwa vidole vyote, akauminya, akausogeza kushoto na kulia chini ya ngozi. Akauliza una miaka mingapi, unauma, umekua haraka. Niliuliza kwa Kifipa, nikajibu kwa Kiingereza. Ajabu, sauti ilitoka. Labda kwa sababu maneno hayakuwa yangu. Mtu alinipa, nami nikayapitisha kwa mwingine, basi.

"Ni mafuta tu," daktari akasema. "Mwambie ni mafuta ya mwili yaliyojikusanya. Hayatamwua. Kama hayamsumbui, ayaache."

Niliposema hivyo shangazi akapiga kofi paja lake. "Nilisema mimi. Mume mnene."

Lakini mshenga hakuridhika. "Mwulize anajuaje. Kwa kushikashika tu? Mwambie atueleze."

Niliona haya kumwuliza Mzungu vile, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka. Yeye alifurahi. Akakaa ukingoni mwa meza, akaanza kueleza polepole, akingoja nimalize kila kipande.

"Anasema uvimbe uko wa namna mbili," nikawaambia. "Uko mpole na uko mkali. Huu wa shangazi ni mpole. Ni laini, unateleza chini ya ngozi, hauumi, unakua kwa miaka na miaka, na haujashikana na kitu. Hata mfupa unaweza kuota kinundu kipole, mtu akazeeka nacho."

"Na huo mkali?" mshenga akauliza.

"Mkali unaweza kutokea kwenye nyama au kwenye mfupa. Ule wa mfupa ni mgumu. Umeshikana na mfupa wenyewe, ukiusukuma hausogei. Unakua kwa miezi, si kwa miaka. Na unauma. Unauma hata mtu akiwa amepumzika, na usiku ndiyo unazidi." Nikamsikiliza daktari tena. "Anasema ule wa mfupa mara nyingi huwapata vijana. Mara nyingi karibu na..."

"Karibu na wapi?" mshenga akasema. "Sikusikia."

"Goti."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha viazi. Hakushtuka. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja kuona mwenzake ataweka wapi mguu.

Daktari akanigeukia. Akaniuliza, mimi, kwa Kiingereza, kama nyumbani kwetu kuna mtu mwingine mwenye uvimbe wowote, mkubwa au mdogo, ambaye angependa amwone. Swali lile lilikuwa langu. Hapakuwa na mwingine chumbani aliyelielewa. Na mimi nikageuka nikalitafsiri kwa Kifipa, neno kwa neno, nikawauliza wao, kama vile limenipita tu njiani.

"Hakuna," shangazi akasema. "Labda tumbo la kaka yangu, na hilo ni la pombe ya ulezi."

Mshenga alicheka mpaka akafuta macho. Dada naye alicheka. Nikamgeukia daktari nikamwambia hakuna. Nililisema vizuri, kwa sauti ya kusikika, na akanisifu kwa Kiingereza changu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kiapo, ndiyo. Mshenga kuwepo mle chumbani, ndiyo. Na kile kinundu cha mfupa ambacho mtu anaweza kuzeeka nacho, nilikishika kwa nguvu nikajiambia cha dada ndicho hicho, umbo la nje halitofautiani. Lakini nikisema kweli yote, kulikuwa na jambo la chini zaidi kuliko hayo. Nilikuwa na raha. Ilikuwa mara ya kwanza watu wazima wananisikiliza mimi, na mshenga ananitazama kwa heshima, na siku nzima ilikuwa imekwenda vizuri. Kusema kuhusu dada kungetaka nianze sentensi ambayo hakuna mtu aliyenipa. Sikuweza kuianza.

Tulirudi kama watu wanaotoka sherehe. Shangazi alimsimulia kila tuliyekutana naye kwamba mumewe amepimwa akaonekana hana kosa. Jioni mshenga alipoaga, dada alimpigia magoti, yote mawili, akapiga makofi mpaka mwisho. Nilikuwa karibu naye. Nililiona jasho juu ya mdomo wake, na baridi ile. Mama alifurahi. Akasema, "Sasa ndiyo."

Tulipokuwa peke yetu nilimwambia dada, "Ulisikia alivyosema?"

"Nilisikia. Alisema pia kuna wa kuzeeka nao."

"Alisema."

"Basi." Na tukaacha hapo. Wiki mbili baadaye nilirudi shule.

Aliniandikia barua moja, mwezi wa tisa, kwa herufi zake kubwa za shule ya vijijini. Alisema wote wazima, mvua bado, na kile kitu kimetulia. Niliisoma mara mbili na nikaamini. Kuamini kulikuwa rahisi, na mtihani ulikuwa karibu.

Likizo ya Krismasi nilimkuta anatembea na fimbo. Alikuwa amekonda usoni, na kanga ameifunga chini kabisa. Aliponionyesha mguu sikugusa. Goti lilikuwa halionekani tena, lilikuwa limemezwa. Ngozi ilikuwa imevutika inang'aa, mishipa imesimama juu yake, na kila mahali alama za chale na dawa nyeusi iliyokauka. Mama alikuwa amempeleka kwa mganga tangu mwezi wa kumi. Aliambiwa kuna mtu ameionea wivu harusi. Mshenga alikuwa hajaonekana tangu mwezi huo huo.

Baba alikuwa anachonga ukwato uliooza wa ng'ombe. Nilikwenda nikasimama mbele yake, sikupiga magoti, nikasema, "Baba, apelekwe hospitali kesho."

Aliinua uso. Nadhani alitaka kunikemea kwa kusimama kwangu. Badala yake akauliza, "Unajua nini?"

"Najua ni nini."

"Umejuaje?"

"Apelekwe tu, baba."

Dada alibebwa kwa machela mpaka barabarani, mama na mimi nyuma ya wabebaji. Lori lilikuwa la yule yule mzee. Safari hii hakutania. Aliwaamuru vijana wake washushe magunia sita pale pale njiani ili dada anyooshe mguu, na akasema atayarudia.

Daktari alinikumbuka. Alimpiga picha ya mfupa kwa mashine, halafu akaishika kwenye dirisha akaniita nione. Mfupa wa paja ulikuwa mweupe na mzuri kutoka juu, mpaka ulipokaribia goti. Pale ulikuwa kama gunzi la mahindi lililoliwa na fukusi, na kingo zake zimetawanyika nje kwenye nyama.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamtafsiria dada. Akasema, "Mwambie tangu mwezi wa kumi."

Nikamwambia daktari, "Tangu mwezi wa tatu."

Nikaona anahesabu. "Basi siku ile mlipokuja na yule mama..."

"Ndiyo."

"Ni huyu aliyekuwa mlangoni na kikapu."

"Ndiyo."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Halafu akasema, na mimi nikatafsiri, yote, sikuruka neno: kwamba hii ndiyo namna kali, inaitwa kansa ya mfupa, kwamba mguu lazima ukatwe juu, kwenye paja, na hata ukikatwa hawezi kuahidi, kwa sababu ugonjwa huu hutuma mbegu zake kifuani mapema kabla mtu hajajua. Mama aliziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Dada akauliza, "Nikikatwa nitaweza kulima?"

"Kidogo," daktari akasema.

"Basi wakate."

Nilipokuwa nimemaliza nilimwuliza daktari jambo moja kwa Kiingereza, na hilo sikulitafsiri. Nilimwuliza: na kama tungesema mwezi ule wa sita? Alitazama picha tena. Akasema hata wakati ule angeukata mguu. Akanyamaza. Halafu akasema kwamba huenda angepona.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Anasema apate kupumzika," nikamwambia.

Huo ni uongo wangu wa pili katika chumba kile kile.

Mguu ulikatwa kabla ya mwaka mpya. Kidonda kilipona haraka kuliko walivyotarajia, na fundi seremala wa misheni alimchongea magongo. Dada alijifunza upesi. Mtu alipokuja kumjulia hali alikuwa akisema, "Sasa naamkia kwa goti moja, na atakayenisema ajitokeze." Mama hakuwahi kucheka mzaha ule. Alikuwa akitoka nje. Yule mchumba alikuja mara moja, akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa nusu saa akitazama mikono yake, akaacha kilo mbili za sukari. Sikumlaumu. Alikuwa kijana tu, naye hakuwa msemaji.

Siku moja kabla sijarudi shule tulikuwa tumekaa nje juani, mimi na dada. Akasema, "Siku ile kwa daktari, uliyaelewa yale uliyokuwa unasema?"

"Niliyaelewa."

"Na mimi. Ulitafsiri vizuri sana. Sikukosa hata kimoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukusema?"

Nikaokota kijiti nikachora mavumbini.

"Mimi nilitaka kuolewa," akasema. Hakusema kwa ukali. "Wewe ulitaka nini?"

Akangoja kidogo, halafu akaniomba nimsogezee magongo, akaenda kumtazama kuku aliyekuwa akiatamia. Dada alianza kukohoa mwezi wa pili. Katekista ndiye aliyeniandikia barua mwezi wa nne. Ilipofika shuleni alikuwa ameshazikwa siku tisa.

Sasa ni mwezi wa sita tena, niko nyumbani. Nalala peke yangu kwenye kile kitanda. Kwa juma zima nilikuwa nikimwangalia mama na kuondoka. Jana tulikuwa tunapepeta ulezi, yeye na mimi tu. Shangazi amekwenda kwa wakwe zake, baba yuko kwa ng'ombe. Nikaanza. Sijui niliyaanzaje, najua tu nilianza na mto, na yai chini ya ngozi, na kiapo. Nikasimulia chumba cha daktari siku ya shangazi, na swali lilivyokuwa langu. Nikasimulia na siku ya pili, kwamba daktari hakusema apumzike.

"Alisema huenda angepona," nikamwambia. "Kama tungesema wakati ule."

Mama hakuacha kupepeta. Makapi yalikuwa yakiruka, na upepo ukiyapeleka upande wangu, nikawa nafumba macho. Nilidhani hakusikia.

Baadaye akasema, "Mwezi wa sita ungeniambia mimi, ningempeleka kwa mganga."

"Huenda usingempeleka."

"Ningempeleka. Na baba yako angekubali. Mtu akatwe mguu kwa kitu kama yai? Ningemficha mtoto wangu." Akatikisa ungo mara mbili. "Sijui. Labda wewe ungepiga kelele."

"Mimi?"

"Siku uliyosimama mbele ya baba yako ulipiga kelele."

Akaweka ungo chini. Akajipangusa uso kwa mkono, akaketi juu ya kinu kilicholala, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nimerudi.

"Hiyo 'huenda' yake," akasema, "aliisemaje? Kubwa au ndogo?"

"Sijui, mama."

"Wewe ulikuwepo. Kuna ya mtu anayejua na anaogopa kusema, na kuna ya mtu anayekuonea huruma tu. Alisemaje?"

"Alisema polepole."

"Iseme kama alivyoisema. Kwa lugha yake, nami nisikie."

Nikaisema kwa Kiingereza, polepole, na ule ukimya wake wa kabla, kadiri nilivyokumbuka. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Hakulia. Upepo ulipotulia kidogo akaniambia niiseme tena.